Maji Yaliposoma Sifuri: Kisa cha Tangi la Matumbawe Msasani

Tangi lenyewe ni la lita 450, ukijumlisha na lile la chini lenye skima (chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu) na pampu. Liko kwenye mgahawa mmoja Msasani, na kwa muda mrefu ndilo lililokuwa likiwafanya watoto wagome kuondoka mezani. Nilipoitwa kuliangalia, ute wa kahawia ulikuwa umetanda kuanzia mchangani hadi kwenye ncha za matumbawe, viputo vya hewa vimening'inia humo, na konokono karibu wote wameshakufa. Mama mwenye mgahawa alikuwa na swali moja tu: "Mwanangu, tumesafisha mpaka tumechoka. Uchafu huu unatoka wapi?"

Nilimjibu kwamba tangi lake lina njaa, na kadiri wanavyolisafisha ndivyo ute utakavyozidi. Hakuniamini mara moja, na simlaumu. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu matangi mengi ya maji ya bahari hapa Dar es Salaam hufika hapo hapo kwa njia ile ile: mwani unazidi, mwenye tangi anaondoa virutubisho vyote kwa mpigo, mwani unakufa, kisha kinaingia kitu kibaya kuliko mwani.

Kabla sijaendelea, matumbawe ya tangi hili yalikuja kama vipande vilivyokuzwa ng'ambo, na karatasi zake zipo. Nalisema hili kwa kuwa naulizwa sana. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe wa porini, na Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975. Huko hakung'olewi kitu.

Kauntabuku ya kijana

Kijana anayelitunza tangi ana tabia moja nzuri sana: anaandika. Kwenye kauntabuku yake kuna joto, chumvi, vipimo vya kila wiki, chakula kilichotolewa, hata siku umeme ulipokatika. Nilikaa nayo jioni nzima, na kisa kilijipanga chenyewe.

Kilianza na nyuzi za kijani, ule mwani unaoota kwenye mawe ukafanana na nywele. Nitrati, kirutubisho chenye naitrojeni, ilikuwa imefika miligramu 40 kwa lita, na fosfeti, chenye fosforasi, 0.5. Kwa tangi la matumbawe hizo ni namba kubwa. Bahari yenyewe juu ya mwamba ulio hai huwa na nitrati chini ya 1 na fosfeti ya sehemu za mia tu, ingawa huko kuna mikondo inayoleta planktoni (viumbe vidogo sana vinavyoelea majini) mchana na usiku, kitu ambacho tangi halina. Ndiyo maana wengi wetu hulenga nitrati kati ya 2 na 10, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1.

Virutubisho vilikuwa vinaingia kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza, nao ndio mkubwa, ni maji ya kujazia. Mgahawa hauna mashine ya kupoza maji ya tangi, kwa hiyo linapozwa kwa feni zinazopuliza juu ya maji, na kwa joto letu hupotea takriban lita 5 kwa siku. Chumvi haiondoki na mvuke, kwa hiyo unajazia maji yasiyo na chumvi, na yao yalitoka kwenye kisima kilichochimbwa nyuma ya jengo. Nilipima maji hayo: nitrati 30. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 50, maana yake ni maji ambayo kwa kipimo hicho mtu anaweza kunywa. Lakini piga hesabu: lita 5 mara 30 ni miligramu 150 kila siku. Gawanya kwa lita 450, unapata theluthi moja ya miligramu kwa lita kwa siku, yaani 10 kwa mwezi, kabla samaki hajala hata punje. Sehemu kubwa ya jiji inatumia vyoo vya shimo, na kinachozama ardhini kinaishia kwenye visima. Mwenye tangi asiyepima maji yake ya kujazia anapigana na mwani huku bomba liko wazi nyuma ya mgongo wake.

Mlango wa pili ni maji ya bahari yenyewe. Walikuwa wakichota kwa madumu Coco Beach, na kwenye kauntabuku fosfeti inapanda wazi katika miezi ya masika. Mto Msimbazi unamwaga pale kwenye daraja la Selander, si mbali na ufukwe huo, na mvua kubwa husukuma baharini kila kilichokuwa kimekaa kwenye mitaro ya mjini. Ukitaka maji ya bahari kwa ajili ya tangi, yafuate mbali na midomo ya mito, wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamejaa. La sivyo nunua chumvi ya akwariamu uchanganye mwenyewe.

Mlango wa tatu ni chakula. Kamba wa kugandishwa wa viwandani mara nyingi huwekewa fosfeti ili wahifadhi maji, na walikuwa wakimwagwa tangini pamoja na maji yao ya kuyeyukia.

Wiki moja ya kusafisha

Kilichofuata kilifanyika kwa nia njema kabisa. Mshauri mmoja aliwaambia waue mwani, nao wakafanya kila kitu ndani ya wiki moja. Waliweka chembe za oksidi ya chuma zinazonasa fosfeti, kiasi mara mbili ya kilichoandikwa kwenye kopo. Waliacha kisima wakaanza kununua maji yaliyochujwa. Walibadilisha nusu ya maji ya tangi, wakapunguza chakula hadi mara moja kila siku mbili, na muda wa taa kuwaka ukakatwa kutoka saa 10 kwa siku hadi saa 5.

Kila hatua hapo, ukiitazama peke yake, ina mantiki. Kuacha maji ya kisima kulikuwa sahihi kabisa na ningelifanya siku ya kwanza. Tatizo ni kuvifanya vyote kwa pamoja bila kujua vitashusha namba hadi wapi. Nyuzi zilipauka zikaondoka, kauntabuku ikaandikwa "nitrati 0, fosfeti 0", na kijana akachora alama ya vema pembeni.

Kurasa chache mbele kuna maneno: "ncha za Acropora nyeupe", yaani tumbawe gumu lenye matawi. Kisha: "vumbi la kahawia mchangani". Kisha: "konokono 4 wamekufa".

Sifuri hiyo inahitaji kueleweka vizuri. Kipimo cha matone kinakuonyesha kilichobaki ndani ya maji baada ya wote kula. Hakikuonyeshi kilichoingia. Tangi lililojaa mwani linaweza kusoma fosfeti 0 kwa sababu mwani umeshaimeza, na tangi lisilo na mwani likasoma 0 kwa sababu kweli hakuna kitu. Namba ni moja, hali ni mbili, na tiba zake zinapingana. Bila kuangalia mawe, matumbawe na samaki kwa macho, namba peke yake itakupoteza.

Matumbawe ndiyo yaliyokuwa yakisema ukweli. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi vijimwani vinavyolilisha kwa nguvu ya mwanga, na vijimwani hivyo vinahitaji naitrojeni na fosforasi kama mmea wowote. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walionyesha kuwa tumbawe lenye nitrati nyingi lakini likakosa fosfeti huwa jepesi zaidi kupauka likipata joto na mwanga mkali. Ukosefu wa fosforasi ni hatari kwa tumbawe, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuisha hapa, kutokana na zile chembe za chuma. Kuongezea hapo, alkalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, ilikuwa imeshikiliwa juu, 11 kwa kipimo chake cha dKH. Tumbawe likiwa na njaa halafu alkalini iko juu namna hiyo, ncha zinaungua. Niliishusha pole pole hadi 8.

Ute ule ni nini hasa

Hapa ndipo watu wengi hukosea tiba, kwa sababu kila kitu cha kahawia wanakiita mwani. Daiatomu, vijimwani vya chembe moja, huonekana kama vumbi, ukilifuta kwa kidole linaondoka, na hupenda matangi mapya. Saianobakteria ni utando, mara nyingi mwekundu au wa zambarau, unaobanduka kipande kizima. Ute wa tangi hili ulikuwa na nyuzi laini zinazoning'inia na kiputo cha hewa kwenye ncha, ulipungua sana usiku, na saa chache baada ya taa kuwaka ulikuwa umerudi. Hiyo ni tabia ya dinoflajelati, viumbe vya chembe moja vinavyoogelea.

Kuna jaribio la bei ya bure ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Nyonya ute kidogo kwa bomba la sindano, weka kwenye chupa ya maji ya tangi, tikisa kwa nguvu mpaka uvunjike wote. Chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha weka maji yaliyopita kwenye glasi chini ya taa. Tulifanya hivyo juu ya kaunta ya mgahawa. Maji yalitoka meupe kabisa. Baada ya muda usiofika saa moja, nyuzi nyembamba za kahawia zilianza kujisuka upya katikati ya glasi, mbele ya macho yetu. Kijana aliinama akasogeza uso mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye glasi. "Kaka, zinajiunga zenyewe!" Ndiyo, kwa sababu ni chembe hai moja moja zilizopenya kwenye karatasi, na zikipata mwanga hukusanyana tena na kutoa ute.

Lakini jaribio hilo halikuambii ni dinoflajelati gani, na hilo ndilo linaloamua tiba. Niliazima hadubini kwa rafiki anayefundisha biolojia. Chembe zilikuwa bapa, mviringo upande mmoja na zimechongoka upande mwingine, mfano wa mbegu ya tikiti, na kila moja ilikuwa ikizunguka papo hapo kwenye ncha yake kana kwamba imefungwa kamba. Huyo ni Ostreopsis. Angekuwa Amphidinium, dinoflajelati wa aina nyingine, ningeona chembe zinazoteleza huku na huko bila kuzunguka ncha, na ningepanga kazi tofauti kabisa.

Ostreopsis si wa kuchezea. Baadhi ya spishi zake hutoa sumu kali za jamii ya palitoksini, na ndiyo inayoeleza vifo vya konokono waliokuwa wakiula ute. Mwaka 2005, pwani ya Genoa, Italia, takriban watu 200 waliugua wakati wa mlipuko wa Ostreopsis baharini, wengi kwa kuvuta tu hewa yenye matone ya maji. Kwa hiyo nilimwambia kijana avae glovu na miwani, asivute bomba kwa mdomo kama alivyozoea, na tukaweka mkaa amilifu kwenye tangi la chini, ukibadilishwa kila wiki, ili unase sumu.

Kwa nini kiumbe huyu anashamiri maji yanapokuwa matupu? Kwa sababu dinoflajelati wengi wana njia mbili za kuishi: wanajitengenezea chakula kwa mwanga, na pia wanakula bakteria na chembe nyingine. Mwani wa kawaida hauna njia hiyo ya pili. Virutubisho vikifika sifuri, washindani wake wote wanakufa njaa, uwanja unabaki wake.

Kulisha tangi

Nilitoa zile chembe za chuma zote. Nikasimamisha kubadilisha maji, jambo ambalo Mama alilipinga kuliko yote, kwa sababu kwake maji mapya ndiyo dawa. Nilimweleza kwamba maji mapya yangeondoa kile kidogo tunachojaribu kukijenga. Badala yake kila usiku, kabla taa hazijazima, kijana alikuwa akinyonya ute kwa bomba jembamba kuupitisha kwenye soksi ya kuchujia yenye matundu madogo sana, na maji yale yale yakarudi tangini.

Chakula kilirudi mara mbili kwa siku. Hili naliweka mbele ya chupa yoyote ya dawa. Samaki akila anatoa amonia, na amonia ndiyo naitrojeni ambayo tumbawe huipokea kwa urahisi kuliko nitrati. Samaki wanaokula vizuri ni pampu ya mbolea inayofanya kazi mchana kutwa kwa kiasi kidogo kidogo.

Hata hivyo chakula peke yake hakingetosha kwa kasi niliyoitaka, kwa hiyo nilitengeneza miyeyusho miwili kwa kemikali safi za maabara. Gramu 62 za nitrati ya sodiamu kwenye lita moja ya maji yaliyochujwa: mililita 10 zinapandisha nitrati ya lita 450 kwa miligramu 1 kwa lita. Gramu 9 za fosfeti ya trisodiamu, ile yenye molekuli 12 za maji, kwenye lita nyingine: mililita 10 zinapandisha fosfeti kwa 0.05. Tangi lako likiwa la ukubwa mwingine, gawanya au zidisha. Ila usipime kwa kijiko; tafuta mizani ya gramu.

Nitrati ilitii mapema. Fosfeti ndiyo iliyotusumbua. Tunaweka jioni, tukipima baada ya saa moja inasoma 0.05, asubuhi ni sifuri. Kijana alidhani kipimo kimeharibika. Sababu iko kwenye mawe. Mawe na mchanga wa tangi ni kalisi kaboneti, nayo hushika fosfeti juu ya uso wake na kuiachia kulingana na iliyo majini. Zile chembe za chuma zilikuwa zimeyakamua mawe hadi yakawa makavu, na sasa mawe yalikuwa yakidai deni lake kwanza. Hakuna njia ya mkato hapo. Unaweka kila siku, unapima kila siku, mpaka siku ile ambayo namba ya asubuhi haishuki tena. Anayekata tamaa katikati anasema mbinu haifanyi kazi.

Wakati huo huo tulifunga taa ya UV, ambayo mwanga wake huua chembe hai zinazopita mbele yake, ikivuta maji kutoka tangi la juu na kuyarudisha huko huko. Inafaa kwa Ostreopsis kwa sababu usiku huachia mawe na kuelea majini, kwa hiyo hupita kwenye taa. Kwa Amphidinium anayejificha mchangani ungekuwa umetupa hela. Huyo hupingwa zaidi kwa kuongeza silika, ambayo daiatomu huihitaji kukua, ili daiatomu ziuteke mchanga. Tulizima taa za tangi siku tatu huku UV ikiwaka, na niliomba inveta ishikilie UV na pampu ya mzunguko, maana umeme ukikatika usiku ndio muda hasa adui yuko majini. Giza bila UV na bila virutubisho nimeona likirudisha ute vile vile taa zinapowashwa.

Nyuzi zarudi

Wiki chache baadaye ute ulikuwa umebaki viraka, kisha haukuonekana. Kilichoonekana ni nyuzi za kijani kwenye jiwe la kona. Mama alinipigia simu amekasirika: mwaka mzima, hela zote, halafu tumerudi pale pale?

Kwangu zilikuwa habari njema na nilimwambia hivyo. Nyuzi zikiota maana yake kuna chakula majini kinachotosha washindani wa kawaida, na nyuzi zinaliwa. Kwenye miamba yetu ya bahari kazi hiyo hufanywa na tasi, kangaja na pono, wanaokwangua mwani kutwa nzima. Ndiyo maana mwamba uliovuliwa samaki hao kupita kiasi hugeuka wa kijani hata maji yakiwa masafi. Lita 450 hazimtoshi tasi akikua, kwa hiyo hapa tulitegemea konokono wapya, mkono wa kijana, na mwani wenyewe.

Mwani wenyewe, yaani kwenye tangi la chini tuliweka fundo la mwani wa Chaetomorpha na taa inayowaka usiku. Anayefahamu mashamba ya mwani ya Zanzibar au Bagamoyo hahitaji maelezo marefu: kila kilo unayovuna imebeba naitrojeni na fosforasi iliyotoka majini. Kijana huvuna nusu ya fundo likijaa. Kuwahi kuuweka, wakati namba zikiwa sifuri, kungekuwa kosa, kwani ungeshindana na matumbawe kwa kile kidogo kilichopo.

Kuhusu uwiano, kuna mazungumzo mengi ya namba ya Redfield, mwanasayansi wa bahari wa Marekani aliyeanza kuieleza mwaka 1934: atomu 16 za naitrojeni kwa 1 ya fosforasi kwenye planktoni. Kwa miligramu za nitrati na fosfeti tunazopima, hiyo ni kama 10 kwa 1. Mimi naitumia kama dira tu. Nitrati 6 na fosfeti 0.06 ni mara 100, mbali kabisa na Redfield, na tangi linastawi. Ninachokagua kwanza ni kwamba hakuna hata moja iliyogusa sifuri, pili kwamba namba hazirukiruki wiki hadi wiki. Uwiano nauangalia baada ya hapo.

Hali ilivyo sasa

Nitrati inacheza kati ya 5 na 8, fosfeti kati ya 0.05 na 0.08. Miyeyusho haitumiki tena, chakula kinatosha. Wananunua kamba na ngisi wabichi kwenye soko la samaki la Feri, wanakatakata na kugandisha kwenye vifuko vidogo, na maji ya kuyeyukia yanamwagwa sinki. Maji ya kujazia yanapita kwenye mashine ndogo ya kuchujia waliyoifunga jikoni, na kijana anayapima kila anapojaza pipa. Zile chembe za chuma zipo kabatini, zitatumika fosfeti ikipita 0.15, kwa robo ya kiasi cha kopo.

Acropora mbili hazikupona. Euphyllia, tumbawe lenye vidole virefu laini, iliyokuwa imejikunja mpaka mifupa ikaonekana imeanza kufungua vidole vyake upande mmoja, na nimeomba isisogezwe wala isiguswe.

Mama bado anataka mchanga uwe mweupe kabisa kabla ya sikukuu. Kuna vumbi jepesi la daiatomu juu yake, na kijana ameshaonyeshwa namna ya kulitofautisha na ule ute kwa chupa na karatasi. Nimeomba waliache. Konokono wapya wanalila, na nikilinyonya lote nitalazimika kuanza kuwatafutia chakula kingine.